Mathe alikuwa na harusi. Cheti kilikuwa cha duka la vitabu

Kuna karatasi moja imekaa ndani ya Biblia ya mathe tangu 1999. Iko na njiwa wawili, pete mbili na maua kwa kona zote nne. Juu imeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba ni cheti cha ndoa. Chini kuna sahihi ya buda, sahihi ya mathe, sahihi ya pasta na muhuri wa kanisa wa rangi ya zambarau. Nikiwa mdogo nilidhani hiyo ndio kitu ya bei kali zaidi kwa nyumba yetu, kushinda hata ile TV ya mgongo.

2019 buda akatuacha. Mathe alipoenda kufuatilia pesa za kazi za buda alibeba Biblia yote, juu hakutaka kutoa karatasi ikunjike. Karani akaiangalia, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. Akatafuta nambari. Halafu akamwambia kwa heshima kabisa, "Pole, mama. Hii si cheti. Hii ni kama kadi."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Sijawahi sahau venye mathe alifunga ile Biblia polepole.

Sasa msiniambie hakukuwa na harusi. Ilikuwa hapa hapa Kayole, na wazee wa plot yetu ya Soweto bado wanaiongelea. Magari matatu ya kuazima yenye riboni, mat ya 19/60 imekodiwa kubeba kwaya, wakazunguka Spine Road wakipiga honi mpaka watoto wakakimbia nyuma yao. Watu mia tatu walikula. Picha ziko, keki ya ngazi tatu iko kwa picha, mathe na gauni ya kukodi iko kwa picha. Kitu haikuwa ni kwamba pasta hakuwa na leseni ya kufungisha ndoa, na hiyo karatasi ya njiwa alikuwa amenunua kwa duka la vitabu tao. Huyo pasta alishahama kitambo. Lile kanisa la mabati siku hizi ni mahali pa kuosha magari.

Halafu maanko wakaja kutoka ocha. Hawakuja na matusi, walikuja na soda. Mkubwa wao akasema hivi, mbele yetu sisi watoto: "Huyu mama tunamheshimu, lakini walikuwa wanaishi tu."

Wanaishi tu. Miaka 20.

Hiyo ndio maana niliingia kusoma hii historia. Pesa ya buda ilikaa huko imefungwa, karo ya chuo ikakosa, nikaacha nikiwa mwaka wa pili. Kwa hivyo muda nilikuwa nao. Na nikagundua kwamba swali ambalo anko aliuliza, ati nani ni mke na nani anaishi tu, hii nchi imekuwa ikiuliza kwa zaidi ya miaka 120, na mara nyingi anayeulizwa ni mwanamke ambaye bwanake hayuko hapo kumjibia.

Rudi nami 1902. Hata jina Kenya bado, inaitwa East Africa Protectorate. Reli imefika Kisumu mwisho wa mwaka uliopita. Nairobi ni mahema na mabati. Waingereza wanatoa sheria ya ndoa: mwanaume mmoja na mwanamke mmoja, ilani mapema, mashahidi, na kitabu cha kuandika majina. Ukishaoana kwa hiyo sheria huwezi tena kuoa mwingine kimila, na adhabu iliyoandikwa ni jela hadi miaka 5. 1904 wakatoa nyingine ya Waafrika Wakristo, yenye taratibu rahisi kidogo. Waislamu wakapata yao ya usajili 1906. Wahindu nao baadaye wakawa na yao. Yaani kila mtu na dirisha lake, kama tu ofisi za serikali venye unazijua.

Na wale walioana kimila, ambao wakati huo ni karibu kila mtu? Jibu lilitoka kortini 1917.

Kulikuwa na jamaa anaitwa Amkeyo. Alipatikana na hatia ya kuwa na mali ya wizi, na ushahidi mzito ulitoka kwa mwanamke aliyekuwa amemuoa kimila. Sheria ilikuwa inalinda mambo ambayo mume na mke wanaambiana ndani ya nyumba, yasiletwe kortini. Kwa hivyo hoja ikawa rahisi: huyu ni mke wangu, ushahidi wake hauwezi kutumika. Jaji Mkuu Hamilton akakataa. Akasema kuita ule uhusiano ndoa ni kutumia neno vibaya, kwamba ni afadhali uitwe kununua mke, na kwamba hauwezi kulinganishwa na ndoa ya watu waliostaarabika.

Soma hapo tena. Ng'ombe zilitoka, wazee walikaa, pombe ilimwagwa, koo mbili zikawa kitu kimoja, na korti ikasema hiyo ni biashara. Nyanya ya nyanyako, kwa macho ya ile korti, hakuwa mke wa mtu. Na hiyo kesi haikufa haraka. Mawakili waliendelea kuitaja kwa miaka mingi sana.

Kwa hivyo unaelewa kwa nini Waafrika wa kwanza kusoma misheni walikimbilia harusi ya kanisa. Imani ilikuwa, sikatai. Lakini pia ilikuwa njia ya kuonekana na serikali.

Halafu 1931 kukatoka sheria ya ndoa na talaka za Waafrika Wakristo, na ndani yake kuna kifungu ambacho nilipokisoma nilitoka nje kwanza nikapunga hewa. Kinasema mwanamke Mwafrika aliyeolewa kwa hiyo sheria, bwanake akifa, anahesabiwa kuwa mtu mzima mwenye uamuzi wake. Halazimiki kuishi na ndugu ya marehemu wala jamaa yeyote wa marehemu. Na bado ana haki ya kudai matunzo kwa hao jamaa, yeye na watoto wake, sawa na angekuwa ameolewa kimila.

Fikiria uko 1931, uko kijijini, mume amekufa, shemeji amekuja jioni akakaa kwa kiti cha marehemu. Kuna wanawake wangeweza kutoa karatasi na kusema hapana. Na kuna wengine, labda kwa boma la pili tu, walioimbiwa nyimbo zile zile na kulipiwa ng'ombe wale wale, lakini hawakuwa na karatasi. Ndio naona hii mambo ya cheti haikuwa urembo hata mara moja. Siku ya harusi haina kazi. Siku ya matanga ndio inaanza kazi.

Hiyo sheria pia iliruhusu Wakristo walioana kimila wageuze ndoa yao iwe ya kisheria. Ndio ile harusi ya wazee ambayo unaona mpaka leo, babu na nyanya wamevaa suti na gauni, wajukuu ndio wanashika pete. Watu hucheka. Mimi nilikuwa nacheka pia.

Uhuru ukaja na madirisha yakabaki vile vile. 1967 Mzee Kenyatta akaunda tume ya kuangalia ndoa na talaka, mwenyekiti Jaji Spry, na 1968 ikaleta ripoti: tuweke ndoa zote chini ya sheria moja, na zote zisajiliwe. Mswada ukaenda bungeni 1976. Ukaanguka. Ukarudi 1979. Ukaanguka tena. Wabunge wengi, wanaume karibu wote, walisema unampa mwanamke nguvu kupita kiasi, na kuna waliosimama kulalamika kwamba mwanaume atakatazwa kumrudi mke wake kwa kichapo. Hii si stori ya mtaa, ilisemwa ndani ya Bunge la Kenya.

Kinachouma ni hiki: Tanzania walichukua mawazo mengi ya hiyo tume yetu wakatunga Sheria ya Ndoa ya 1971. Sisi tulipika, majirani wakala. Huko kwao sheria inasema wazi kwamba mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakiwajua kama mume na mke, wanachukuliwa wameoana, mpaka mtu athibitishe vingine.

Huku kwetu come-we-stay ikaachiwa mahakama. 1976 kulikuwa na kesi ya mama mmoja, Hortensiah Wanjiku Yawe. Alikuwa ameishi na rubani wa East African Airways, raia wa Uganda, hapa Nairobi West kwa miaka 9, wakapata watoto 4. Rubani akafa, na kukawa na watu wa kusema hakuwa na mke. Unasikia? "Walikuwa wanaishi tu." Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikasema hapana, kuishi muda mrefu namna hiyo na kujulikana na watu kama mume na mke kunatosha kuchukulia kwamba ni ndoa. Hiyo kesi imebebwa na wajane wengi sana tangu siku hiyo. Hata sisi ilitufikia, nitasema.

Lakini kabla mtu hajaniandikia ati cheti ni kila kitu, kuna Wambui Otieno.

Wambui na wakili S.M. Otieno walioana 1963, ndoa ya serikali, imesajiliwa, mke mmoja, kila kitu sawa. Huyu hakuwa na kadi ya njiwa. Desemba 1986 Otieno akafa. Wambui akataka kumzika kwao Upper Matasia, huku Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo anazikwa nyumbani, Nyalgunga, Siaya. Mwili ukakaa mochari zaidi ya siku 150 nchi yote ikifuata redio na magazeti. Mei 1987 Mahakama ya Rufaa ikasema ile ndoa ya serikali haikumtoa Otieno kwa mila za Kijaluo. Ukoo ukamzika. Wambui hakuenda.

Kwa hivyo karatasi ina mipaka yake. Ilimfanya Wambui mke bila shaka yoyote, lakini haikumpa mwili wa mumewe. (Huyo mama lakini hakuogopa Msajili wa Ndoa. 2003, akiwa na miaka 67, alirudi akaoana kiserikali na kijana wa miaka 25, na nchi nzima ikapiga kelele. Cheti chake cha pili.)

Sheria moja ya ndoa ilikuja kupatikana 2014. Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi tarehe 29 Aprili, ikafuta sheria 7 za zamani kwa mpigo mmoja. Kutoka tume ya Spry mpaka hapo ni karibu miaka 46. Wengi mnaikumbuka kwa sababu ya ile drama ya bunge, wabunge wanaume waliondoa kipengele cha kumtaka mume apate kibali cha mke wa kwanza kabla ya kuongeza wa pili kimila, wabunge wanawake wakatoka nje. Sawa, hiyo ni mada yake yenyewe. Lakini kelele ya wake wengi ilifunika kitu ambacho kinatuhusu zaidi hapa Kayole: ndoa zote, ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, zinafaa kusajiliwa. Hata ya kimila. Ukimaliza sherehe za kwenu, una miezi 3 ya kumjulisha Msajili. Ile dharau ya 1917 ilifutwa hapo, kwa karatasi angalau. Kanuni za kusajili ndoa za kimila zilianza kutumika Agosti 2017, na nauliza wewe msomaji, ni nani unajua mtaani kwako ameenda?

Na ya kanisa inafanyaje? Watu wengi hudhani ukishasimama madhabahuni umemaliza. Ukweli ni kwamba kanisa linafanya kazi mbili siku hiyo, na moja ni ya kuazimwa. Ya kwanza ni ya Mungu, hiyo si yangu kuongelea. Ya pili ni ya serikali, na pasta anaifanya tu kama ana leseni. Ilani inatolewa si chini ya siku 21 kabla, ndio maana majina yanatangazwa ili mwenye pingamizi aseme. Wote wawe wametimiza miaka 18. Mashahidi wawili wanatia sahihi. Cheti kina nambari, nakala moja yenu, nyingine inapelekwa kwa Msajili wa Ndoa, chini ya Mwanasheria Mkuu. Hiyo nakala ya pili ndio watu husahau kuuliza. Cheti chako kikichomeka pamoja na keja, hiyo ya serikali ndio itakutetea. Kama haikufika huko, uko na picha.

Na sisi wa Eastlands tujiambie ukweli. Makanisa tuko nayo, kila kona ya Kayole kuna kipaza sauti. Mengine yana leseni, mengine yamefunguliwa mwezi jana kwa chumba cha juu ya kinyozi. Simshambulii mtu wa Mungu. Lakini ukienda kukodi tenti unauliza risiti, mbona pasta usimuulize leseni?

Tena mambo yamekazwa. 2021 Sheria ya Urithi ilibadilishwa, mswada ulitoka kwa mbunge wa Homa Bay Town, Peter Kaluma. Ikasema mume au mke kwa mambo ya urithi ni yule anayetambuliwa na Sheria ya Ndoa. Watu walishangilia mtandaoni, ati mpango wa kando amefungiwa mlango wa matanga. Mathe alisikia hiyo habari kwa redio akiwa anachagua mchele. Hakushangilia. Mlango wa kumfungia mpango wa kando ndio ule ule angepitia yeye.

Halafu Januari 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya watu wanaojulikana kwa herufi tu, MNK na POM, walioishi pamoja tangu miaka ya 80. Ikasema dhana ya ndoa kutokana na kuishi pamoja bado ipo, lakini ni kitu cha nadra, si kawaida, na ikaweka masharti makali ya kuithibitisha. Kwa hao wawili ikasema hakukuwa na ndoa. Mali ikagawanywa kwa sababu wote walichangia, mama asilimia 70, mwanaume 30. Yaani ile njia aliyopita mama Yawe 1976 haijafungwa, ila imekuwa nyembamba.

Sisi tulipita kabla haijawa nyembamba hivyo. Wakili wa msaada alimsikiliza mathe mpaka mwisho, akaangalia karatasi ya njiwa, akairudisha ndani ya Biblia mwenyewe. Akasema, "Mama, hii tusiitumie. Tutumie majirani."

Tukatumia majirani. Landilodi wa zamani akaja kusema alikuwa anaandika risiti ya bwana na bibi. Mama wa mboga akasema. Chifu akaandika barua. Mwalimu wangu wa msingi akasema wote wawili walikuwa wanakuja siku ya wazazi. Na hapo ndio kuna kitu sitawahi kusahau. Yule pasta kila Jumapili alikuwa anawachapa watu wa come-we-stay, anawaambia wanaishi kwa dhambi, hawawezi hata kushika sadaka. Mathe alilipia harusi, alikodi gauni, alilisha watu mia tatu ili asiwe kama wao. Na siku ya mwisho hoja aliyosimamia ilikuwa ile ile yao: tumeishi pamoja, watu wanatujua. Gauni haikusaidia. Mama wa mboga alisaidia.

Pesa ilitoka 2022, imepungua, maanko wakiwa na kipande chao. Karo yangu ilikuwa imeshakuwa deni la aina nyingine. Simlaumu mathe hata kidogo. Angejua aje? Aliambiwa na mtu aliyesimama mbele ya msalaba kwamba wameoana.

Sasa sistangu anaolewa Desemba. Wiki jana kamati ilikuja kwetu, mashemeji watarajiwa, wamama wa kanisa na pasta wao, watu wamejaa mpaka kwa korido. Wakaongea tenti, wakaongea rangi za sare, wakaongea nani atapika pilau. Mathe alikuwa kimya. Ilipofika mahali pa maombi ya kufunga akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Pasta, samahani. Leseni yako naomba niione."

Nyumba ikanyamaza. Sistangu akafunika uso. Pasta akamwangalia mathe kidogo, halafu akatabasamu, akaenda kwa gari akarudi na faili. Mathe akavaa miwani. Akasoma jina, akasoma nambari, akauliza kitabu cha vyeti kinawekwa wapi na nakala ya serikali hupelekwa lini na nani. Pasta akamjibu moja moja. Akasoma mpaka tarehe. Halafu akamrudishia faili kwa mikono miwili, akaniambia niongeze wageni chai.